Utepe wa Kijani

Mashine iliandika tisini na tisa.

Mwenye kidole alikuwa sakafuni, kifudifudi, palepale alipoporomoka kutoka kwenye benchi la korido. Hapo ndipo tulipomwacha Sista Kidole wiki iliyopita, msomaji: kapiga magoti, mkono mmoja begani kwa mgonjwa, mwingine umeshika kile kijimashine kinachobana kidole na kusema damu ina hewa kiasi gani. Alikuja kumgombeza mtu aliyegeuza hospitali kuwa gesti. Badala yake akamtikisa.

"Mkasi! We Mkasi! Amka, baba!"

Mkasi hakuamka.

Uliyekosa gazeti, shika haya upesi maana leo hakuna kupoa. Mkasi ni mkata vitambaa wa kiwanda cha kushona sare, barabara ya pili kutoka hospitalini. Mchana huu yeye na wenzake kumi waliletwa na pikapu, vichwa vinawapasuka, wengine wametapika, mmoja anacheka peke yake. Msimamizi wao akasema ni joto tu, na uvivu kidogo.

Sista, muuguzi wa mlangoni, ndiye anayeamua nani aingie kwanza na nani asubiri. Aliwapokea kama anavyowapokea watu miaka yote. "Lete kidole." Ndiyo maana mji mzima unamwita Kidole. Anakubana, anasoma namba, anakufunga utepe mkononi. Mwekundu, unakimbizwa ndani. Wa manjano, unasubiri ukichungwa. Wa kijani, kaa benchi, na ukitaka nenda zako. Mweusi hatuusemi.

Wote kumi na mmoja walisoma vizuri. Wote akawafunga kijani.

Hata wifi yake, mke wa mdogo wake, mshonaji wa kiwanda hichohicho, mwenye mimba ya miezi saba. Huyo ndiye aliyempitisha mbele ya foleni, maana damu nzito kuliko maji. Akampa vidonge vya kichwa na kumwambia, "Wewe usikae na hawa, wifi. Nenda nyumbani ukajinyooshe." Kisha akageukia majeruhi wa pikipiki, akawasahau watu wa benchi.

Mpaka sasa.

Alihamishia mashine kwenye kidole kingine cha Mkasi. Tisini na tisa. Akajibana mwenyewe. Tisini na saba.

"Yaani mimi ndiye mgonjwa kuliko huyu?" alisema kwa sauti. "Dokta! Dokta Haraka, njoo!"

Daktari wa zamu aliitwa Haraka kwa kejeli, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona ameharakisha. Chai yake hunywewa mpaka iishe, na hata moto ukiwaka angeuliza kwanza umeanzia chumba gani. Leo alitoka ndani mbio, kiatu kimoja kikimtoka, na waliokuwa koridoni wakajua kuwa jambo limeharibika.

"Ana nini?"

"Sijui, Dokta. Kidole kinasema mzima."

"Achana na kidole. Mtazame mtu!"

Wakamgeuza chali. Haraka akakirudisha kichwa nyuma, akainua kidevu, akaweka sikio juu ya mdomo wa Mkasi huku jicho likiwa kifuani. Pumzi ikaja moja. Kisha wakangoja, wakangoja, ndipo ikaja nyingine.

"Huyu anatuaga. Shika miguu."

Walimbeba mpaka chumba cha dharura, wakamlaza kitandani, wakamfunika pua na mdomo kwa barakoa yenye mfuko wa kupulizia, na mfuko wakauunganisha na mtungi wa oksijeni. Sista akaanza kubana. Akibana, kifua kinapanda. Akiachia, kinashuka. Akikoma, hakuna kinachotokea.

Mlango ukasukumwa. Aliingia mwanamke mwembamba, ndala ya kulia nyekundu, ya kushoto buluu, namna mtu anavyovaa akiambiwa mumeo kaanguka.

"Baba watoto," alisema, akaikamata miguu ya Mkasi. Hakulia. Aliishikilia tu, kama ambaye anazuia mtu asiondoke.

Daktari hakuwa na nafasi ya kumpa pole. "Sista, hawa wametoka sehemu moja wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Homa?"

"Hakuna hata mmoja."

"Kichwa?"

"Wote."

"Walikula pamoja?"

"Kila mtu na chakula chake, nimewauliza."

Haraka akauliza jambo ambalo Sista hakulitegemea. "Umeme umekatika tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi. Kwani umeme una nini na kichwa?"

Daktari alichungulia koridoni, ambako msimamizi wa kiwanda alikuwa amesimama na simu mbili, akizungumza na zote. Alikuwa mtu wa mashati ya kupigwa pasi na kauli za kupigwa pasi.

"Bwana msimamizi. Umeme ukikatika mnashona na nini?"

"Tuna jenereta, Dokta. Kubwa tu."

"Inakaa wapi?"

"Nje."

"Nje kabisa?"

"Nje, uani. Mimi ndiye niliyeiweka."

Haraka akatikisa kichwa, wazo lake likafa. Akarudi kwa mgonjwa. Akaanza kumpima sukari. Akamulika macho. Akafikiria homa ya uti wa mgongo, akafikiria sumu. Kila alichofikiria kilikataa, na muda ule ulikuwa unakatwa kwenye uhai wa Mkasi.

Sauti ikatoka kwenye benchi. Ilikuwa ya mama mmoja wa makamo, mshona vifungo, ameegemeza kichwa ukutani na macho ameyafumba kwa maumivu.

"Uani gani?" alisema. "Si umeiingiza stoo ya ndani tangu majirani washtaki makelele? Na mlango ukatufungia ili wasisikie?"

"Mama, wewe unaumwa, usichanganye mambo," msimamizi alisema.

"Naumwa kichwa, sijaumwa kumbukumbu."

Haraka alimwangalia msimamizi kwa muda mfupi tu. Mtazamo ule ungetosha kumvua mtu nguo. "Umenidanganya ukiwa umesimama juu ya watu wako."

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Msimamizi akatazama simu zake.

"Sista, ni gesi ya jenereta," daktari alisema akirudi ndani. "Haina harufu, haina rangi. Unaivuta huku unapiga soga."

"Lakini mashine, Dokta! Tisini na tisa!"

"Mashine inadanganyika. Damu ni kama ukumbi wa harusi. Viti ni vya waalikwa, lakini wadoezi wamewahi kukaa. Mashine inaona viti vimejaa, inakuambia shughuli imefana. Haiulizi kakaa nani."

Sista Kidole aliitazama mashine mkononi mwake. Miaka yote hiyo, lete kidole, lete kidole. Alikuwa amewafunga watu kumi na mmoja utepe wa uzima kwa mkono wake, huku damu yao imejaa wadoezi.

"Wote ni wekundu," alisema polepole.

"Wote ni wekundu. Na tuna mitungi mingapi?"

"Mitatu yenye kitu. Ile mashine ya kuchuja oksijeni kutoka hewani iko kwa fundi tangu mwezi jana."

"Basi kapange upya. Kwa macho na kwa mdomo. Nitapiga simu hospitali kubwa walete mitungi. Kimbia!"

Lakini mikono ya Sista ilikuwa kwenye mfuko wa Mkasi. Akamtazama yule mwanamke wa ndala mbili.

"Mama, njoo huku. Weka mkono wako hapa. Bana. Achia. Vuta pumzi wewe mwenyewe, halafu bana tena. Mwone kifua. Kikipanda, umefanya vizuri."

"Mimi sijasoma hayo, Sista."

"Hayasomwi, yanafanywa. Bana."

Mke wa Mkasi akabana. Kifua cha mumewe kikapanda, naye akashtuka. Akaachia, akabana tena. Kuanzia hapo hakusikia wala hakuona kingine.

Koridoni, Sista hakuomba kidole cha mtu.

"Simama. Nenda mpaka mlangoni urudi."

Wa kwanza akaenda na kurudi, akipepesuka kidogo.

"Wewe. Umekuja na nani leo?"

Yule wa kucheka peke yake alicheka, akataja watu wasiokuwepo, kisha macho yakamgeuka meupe na mwili mzima ukaanza kutetemeka kwa degedege. Sista alimlaza ubavu, akapiga kelele, wakamwingiza ndani. Mtungi wa pili ukaenda.

"Mama Pasi, wewe je?"

Mama Pasi alikuwa mpiga pasi, mtu mzima, mnene, ambaye siku zote huwa na neno la kuchekesha. Leo alikuwa na jasho juu ya mdomo. "Kifua, mwanangu. Kama mtu kanikalia."

Moyo wake ulikuwa unaruka ovyo, unapiga mara mbili, unakosa, unakimbia. Mtungi wa tatu ukaenda. Waliobaki saba waliweza kutembea na kujibu, basi akawatoa nje kwenye ua wa hospitali wapate hewa safi, akawapa na mtu wa usafi wa kuwatazama asilale hata mmoja.

Mfukoni Sista alikuwa na mkasi wa kukatia bandeji. Alikata tepe za kijani moja baada ya nyingine na kuziangusha sakafuni. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Walimnyooshea mikono kwa heshima, kama watoto wanaokatwa kucha.

"Na jambo moja," Haraka alisema kutoka mlangoni, simu sikioni. "Mjamzito akiwemo, huyo ndiye wa mbele hata kama anajiona mzima. Mama anaweza kusimama na kuongea, na mtoto ndani anakufa. Yupo?"

Mkono wa Sista Kidole ulisimama katikati ya utepe.

"Sista! Mjamzito yupo?"

"Alikuwepo," alisema.

Msomaji, mimba ile ilikuwa ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka, na mara zote mbili ni Sista huyuhuyu aliyefua mashuka, kwa sababu mdogo wake hakuweza kuyatazama. Ya tatu ilipopita miezi sita walianza kuisema kwa sauti. Juzi tu wamenunua beseni la kuogea mtoto.

Alitoa simu, akapiga. Ikaita. Ikaita sikioni mwake, na ikaita pia pale koridoni. Akageuka. Mshona vifungo alikuwa mlangoni, amerudi kuchukua mizigo, na mkoba mikononi mwake ulikuwa unalia.

"Mkoba wa wifi yako," alisema. "Alifika getini, akarudi kuniachia nimshikie. Kasema anarudi sasa hivi."

"Anarudi kutoka wapi? Mimi nilimwambia aende nyumbani!"

Mshona vifungo alimtazama msimamizi. Sista naye akamtazama. Yule bwana wa kauli za kupigwa pasi alikuwa anatafuta mlango kwa macho.

"Nilikutana naye getini," alisema. "Nikamuuliza huo utepe wa kijani maana yake nini. Akasema maana yake mzima. Sasa mtu mzima... kuna oda ya shule, Sista, inachukuliwa leo. Nikamwambia kama ni mzima akamalizie."

"Na jenereta?"

"Cherehani ni za umeme."

"Na jenereta, nimekuuliza!"

"Inawaka."

Sista alimshika shati kifuani, vifungo viwili vikaruka. Alitaka kumpiga. Lakini ukweli ulimwahi kabla ya kofi: aliyempeleka wifi yake kule hakuwa huyu peke yake. Yeye ndiye aliyemfunga cheti mkononi. Akamwachia, akaanza kukimbia kuelekea getini.

"Simama hapo!" Haraka hakuwa ametoa sauti kama ile maisha yake yote. "Ukitoka, huyu wa degedege nani atamshika? Mama Pasi je? Tuko mimi na wewe tu!"

"Ni wifi yangu, Dokta!"

"Najua. Na hawa ni wifi wa watu."

Akasimama. Miguu yake ilisimama, roho ikaendelea na safari.

"Honi!" aliita.

Honi ndiye dereva wa ambulansi. Alikuja anafunga mkanda wa suruali. Sista akamkabidhi mtungi mdogo wa gari, wenye mabaki tu, akamshika mabega yote mawili.

"Nisikilize. Usiingie kama shujaa wa sinema. Ukiingia mbio utalala naye. Fungua milango yote, na madirisha, yasiyofunguka yavunje. Zima jenereta. Kisha vuta pumzi hapo nje, ibane, ingia, mshike kwapani, mburute. Ukishindwa toka, vuta nyingine. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Sista."

"Na wewe," alimgeukia msimamizi, "unaenda naye. Utamwonyesha stoo, na swichi utaizima kwa mkono wako."

Ambulansi ikatoka inapiga kelele.

Hapo ikaanza ile subira ambayo haina jina. Sista alimchoma wa degedege sindano, akamfuta mate. Alishika mkono wa Mama Pasi, akahesabu mapigo yasiyohesabika. Kila alipopita kitanda cha Mkasi alimwona yule mwanamke anabana, anaachia, midomo inacheza bila sauti.

Simu yake ikalia. Mdogo wake.

"Dada, nasikia watu wa kiwandani wako kwako. Mke wangu yupo?"

Uongo ulimjia mdomoni umeshaiva. Akaumeza. "Alikuwepo. Nilimwachia aende."

"Kaenda wapi? Nyumbani hayupo."

"Karudi kazini. Kule kuna gesi. Ambulansi imemfuata."

Kisha, taratibu sana, "Dada, wewe si ulimpima?"

"Nilimpima."

"Sasa?"

Simu ikakatwa upande wa pili, na Sista akabaki ameishika.

King'ora kilirudi.

Honi aliingia anakohoa, macho mekundu, anasukuma machela. Juu yake wifi, kalala kwa ubavu, matapishi kwenye gauni, tumbo limeinuka chini ya kitambaa. Utepe wa kijani ulikuwa bado mkononi.

"Nilimwona toka mlangoni kalalia cherehani," Honi alisema akihema. "Mguu uko kwenye pedali. Sindano inashona tu, Sista. Inashona palepale, kitambaa kimekuwa jiwe."

"Msimamizi?"

"Karuka garini kwenye kona ya sokoni. Kakimbia. Nimezima mwenyewe."

"Na mtungi?"

Honi akautingisha. Mshale ulikuwa umelala chini kabisa. "Umeishia getini."

Haraka alikuwa ameshainama juu ya wifi. Wifi alikuwa na fahamu nusu, anafumbua macho na kuyafumba. Daktari akaweka kipima cha mapigo ya mtoto juu ya tumbo. Akasogeza. Akasogeza tena. Sista aliuangalia uso wa daktari, na uso ule haukumwambia kitu.

"Yapo," Haraka alisema mwishowe. "Lakini ni ya polepole mno. Anahitaji oksijeni sasa hivi, kwa nguvu zote."

"Ile ya hospitali kubwa?"

"Iko njiani. Njiani wapi, sijui."

Wakatazamana. Mitungi mitatu, vitanda vitatu. Wa degedege alikuwa ameshashikwa mara mbili, ukimvua barakoa atashikwa ya tatu. Mama Pasi, moyo wake ulikuwa ndiyo kwanza umeanza kutulia. Na Mkasi.

Daktari alikwenda kwenye kitanda cha Mkasi, akamulika jicho la kulia, la kushoto. Mboni zilisogea shingo upande, kama mlango wenye kutu. Akamfinya begani kwa nguvu. Hakuna.

"Sista," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu tumempulizia muda mrefu na hajarudisha hata pumzi moja. Mama na mtoto ni roho mbili. Mimi nasema mtungi uhame."

Lilikuwa neno la haki. Mganga yeyote angelisema. Sista akaupeleka mkono kwenye mpira wa oksijeni.

"Sista."

Mke wa Mkasi hakuwa ameacha kubana. Vidole vyake vilikuwa vyeupe. Alizungumza bila kuinua macho kutoka kifuani mwa mumewe.

"Huyo aliyeletwa ni ndugu yako, sivyo?"

"Ni wifi yangu."

"Nimesikia. Watu wanasema ulimpitisha mbele ya foleni." Akabana, akaachia. "Mimi sikugombezi. Nakuuliza kitu kimoja, na uniambie kweli. Angekuwa humjui, ungemtoa wangu?"

Chumba kizima kilisikia. Mshona vifungo mlangoni, Honi, Mama Pasi ndani ya barakoa yake. Haraka mwenyewe akatazama sakafu.

Sista alijiuliza, kwa kweli alijiuliza, na hakulipata jibu. Leo alikuwa ameiamini mashine, ikamdanganya. Akauamini undugu, ukampeleka wifi kwenye gesi. Hakujua tena lipi ndani yake linaweza kuaminiwa. Mkono ukatoka kwenye mpira.

"Sikia, mama," alisema, na akapaza sauti ili wote wasikie, ili asipate pa kukimbilia. "Sasa hivi utaachia mfuko. Tutamtazama mumeo, mimi na wewe. Akivuta pumzi mwenyewe, mtungi ni wake, haubanduki hapa, awe nani anauhitaji. Asipovuta, nauchukua, na hutanilaumu wala mimi sitajilaumu."

"Sista, hakuna muda wa mambo hayo," Haraka alisema.

"Upo wa hili."

"Nikiachia atakufa," mwanamke alisema.

"Labda. Au labda tayari. Achia."

Mke wa Mkasi alifunga macho, akayafungua. Akaachia. Mikono yake ilibaki hewani, vidole vimejikunja vilevile kwa mazoea ya kubana.

Kifua cha Mkasi kikashuka. Kikatulia.

Hawakusikia kitu ila mitungi miwili mingine ikivuma. Kifua hakikusogea. Sista alikikazia macho mpaka yakamuuma, na Mungu amsamehe, msomaji, kuna pembe moja ya moyo wake iliyokuwa inaomba kiendelee kutulia. Aliijua pembe hiyo. Aliisikia ikiomba. Kifua kilibaki kilivyo. Mkono wake ukaanza kusogea tena kuelekea kwenye mpira, na mwanamke akaanza kutoa sauti ndogo ya mtu anayeanza msiba.

Kidevu cha Mkasi kikatikisika.

Kifua kikapanda. Kwa shida, nusu nusu, kikapanda chenyewe. Kikashuka. Wote wakangoja. Kikapanda tena.

"Amevuta!" mke wake alipiga kelele, akaangukia miguu ya mumewe, na sasa ndiyo akalia. "Sista, amevuta! Umeona? Umeona?"

"Nimeona," Sista Kidole alisema.

Alichukua barakoa, akairudisha vizuri usoni kwa Mkasi, akakaza kamba nyuma ya masikio, akahakikisha hewa haivuji. Alifanya yote hayo polepole na kwa uangalifu. Nje, mbali, hakukuwa na mlio wa gari lolote linalokuja.

Kisha akageuka kwenye machela. Wifi yake alikuwa amefumbua macho, safari hii yametulia kabisa, na mikono yake miwili ilikuwa juu ya tumbo, inatafuta.

"Wifi," alisema. "Mbona mtoto hachezi?"